Kutibiwa saratani Ocean Road huku kazi, watoto na mikorosho viko Tandahimba: tupeane mbinu hapa

Binti wa Uwanda (mleta uzi)

Habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni.

Nimekuwa nikijibu watu kwa faragha, mmoja mmoja, na maswali yanafanana. Nimeona heri niyaweke hapa wazi ili kila mwenye mgonjwa Mtwara na Lindi asome, na wenye uzoefu kunizidi waongezee.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho huku Tandahimba, mke wa mtu, mama wa watoto wawili. Niligundulika na saratani ya titi, nikafanyiwa upasuaji wa kuondoa titi, kisha nikaanzishiwa dripu za kemo, yaani dawa za saratani, Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar. Madaktari wanakueleza dawa. Ila hakuna anayekueleza utaishije kati ya dripu na dripu, wakati mshahara unahitajika, watoto wanataka uji asubuhi, shamba linadai salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na hospitali iko Dar, kama kilomita 560 ukihesabu kutoka Mtwara mjini tu.

Msimamo wangu ni huu: ratiba ya dawa ndiyo itangulie, na kazi, nyumba na safari vipangwe kuifuata. Na huwezi kupanga lolote ukiwa umeuficha ugonjwa. Huku kwetu tunaficha mno. Mtu anasema ana "uvimbe tu", anaondoka usiku kwenda Dar, kazini wanamwona mtoro, mawifi wanamwona mvivu, na watoto wanabaki kubuni yao.

Nianze na dawa, maana ndiyo iliyobeba yote. Dawa zangu za mwanzo, ile nyekundu ikiwemo, zinarudiwa kila baada ya siku 21. Siku mbili tatu za kwanza ni kichefuchefu na uchovu. Usishtuke ukienda haja ndogo ukaona mkojo mwekundu, ni rangi ya dawa. Halafu unapata nafuu, unatamani kwenda shamba, na hapo ndipo pa kuwa makini: kuanzia kama siku ya 7 hadi ya 14 chembe nyeupe za damu zinashuka chini kabisa. Hausikii maumivu yoyote, lakini kinga huna. Wiki ya tatu damu inapanda tena, na hiyo ndiyo wiki ya mtu kufanya mambo yake.

Nilichukua kalenda ya ukutani, nikaitundika nyuma ya mlango wa chumba. Siku za dripu nikazizungushia wino mwekundu. Siku za kinga ndogo nikazipiga mstari wa penseli. Siku za nguvu nikaziacha nyeupe. Mume wangu hakuwa na haja ya kuniuliza kila asubuhi naamkaje, alitazama mlango. Mtoto wa darasa la tatu alishika upesi kwamba siku za penseli mdogo wake akiwa na mafua analala kwa bibi. Ikitokea hospitali wameahirisha dripu kwa sababu damu haijapanda, tunafuta, tunapiga mistari upya.

Kazini nilikwenda kwa mwenyekiti na katibu kabla ya dripu ya kwanza, nikiwa na barua ya daktari mkononi. Sikuomba huruma, niliomba mpango. Wiki ya kwanza sipo. Wiki ya pili nafanya vitabu nikiwa chumba cha nyuma, mbali na foleni ya wakulima. Wiki ya tatu niko kazini kama kawaida, isipokuwa kwenye mizani. Upande niliofanyiwa upasuaji walitoa na tezi za kwapani, na mkono wa namna hiyo ukiubebesha gunia au ndoo ya maji unaweza kuvimba usirudi vizuri. Kwa hiyo kijana mmoja alishika mizani, mimi nikashika kalamu.

Jueni na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Sharti uwe na cheti cha daktari, bila hicho mwajiri halazimiki kukulipa. Na haikulazimishi uzimalize kwa mkupuo mmoja. Mtu anayekaa nyumbani mfululizo tangu dripu ya kwanza anaweza kufika kwenye mionzi akiwa anapokea nusu mshahara, na mionzi ndiyo inayokuweka Dar wiki nzima nzima. Zitumieni siku hizo kwa hesabu.

Shamba sasa. Kemo yangu ilianza mwezi wa tano, kipindi cha kupuliza salfa. Ile harufu na lile vumbi mtu mwenye kichefuchefu hawezi, na macho na koo vinawasha hata kwa mzima. Tulikubaliana mume wangu na shemeji wapulize, mimi siku hizo nihamie kwa mama mkwe upande wa pili wa kijiji. Palizi tukalipa vibarua. Ni kweli pesa iliondoka. Lakini mikorosho iliyokosa salfa msimu mmoja inaleta mapato pungufu, na mama aliyelazwa kwa maambukizi anakula pesa kuliko vibarua wa palizi.

Watoto tuliwaambia ukweli kwa kiasi chao: mama ana ugonjwa unaoitwa saratani, hauambukizi, dawa yake itamnyoa nywele. Siku zilipoanza kung'oka mama mkwe alinikalisha kwenye mkeka uani, akaninyoa kwa wembe mpya, taratibu, watoto wakiwa pembeni wanatazama. Mdogo aliomba na yeye anyolewe, akanyolewa.

Safari nitaileta chini, uzi umeshakuwa mrefu. Karibuni.

Mwana wa Nachi

Dada, Mungu akuzidishie afya. Mama yangu yuko Nachingwea, amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Wamesema mionzi wiki tano. Mimi nafundisha sekondari, dada yangu yuko Ruangwa na watoto wadogo. Hivi haiwezekani awe anakwenda Dar Jumatatu anarudi Ijumaa? Hataki kabisa kukaa ugenini.

Binti wa Uwanda

Pole sana mdogo wangu, na mama mpe pole. Hilo la kwenda na kurudi liondoe kichwani. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa mlango wa kizazi mara nyingi ni kama vipindi 25, pamoja na dripu mara moja kwa wiki, halafu inafuata mionzi ya ndani. Yote hayo inatakiwa yaishe ndani ya wiki 8 hivi. Siku zikirukwa rukwa na matibabu yakivutika, nguvu yake dhidi ya ugonjwa inapungua. Sasa mtoe Nachingwea kila wikiendi, mwili umechoka, anaharisha, barabara ile. Atakosa Jumatatu mbili tatu na hamtajua mmepoteza nini.

Pangeni kama mnampeleka kuishi Dar kwa miezi miwili. Nani atakaa naye mwezi wa kwanza, nani wa pili. Wewe mwalimu tazama likizo za shule zinaangukia wapi, uongee na daktari siku ya kupanga mionzi, sio baadaye.

Muuguzi Kusini

Nakubaliana na mleta uzi. Naongeza jambo ambalo nataka kila mtu wa Mtwara na Lindi alishike, kwa sababu nafanya kazi wodini na nimeliona likiua.

HOMA. Huku kwetu mtu akipata homa wazo la kwanza ni malaria. Ananunua mseto dukani, anameza, anasubiri kesho. Kwa mtu aliye kwenye kemo hiyo kesho inaweza isifike. Joto likifika nyuzi 38, hasa ndani ya zile siku za penseli za dada hapa, ni dharura. Anatakiwa hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, apimwe damu na aanzishiwe antibaiotiki za mshipa haraka. Malaria apimwe pia, ndiyo, malaria tunayo. Lakini kipimo cha malaria kikisoma chanya msirudi nyumbani mkaridhika, maana vyote viwili vinaweza kuwepo pamoja.

Nunueni kipimajoto, kikae ndani. Na mkifika mapokezi, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au hospitali ya kanda pale Mitengo, neno la kwanza mdomoni liwe "mgonjwa huyu yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani". Msisubiri kuulizwa. Msikae kwenye foleni ya kawaida mkiwa kimya kwa adabu.

Mwana wa Nachi

Asante sana sista. Hili la mseto tungelifanya kesho yake tu.

Mzee wa Mingoyo

Wanangu, nimesoma. Mimi ni tezi dume. Kwangu ni sindano kila baada ya miezi mitatu, si kama za huyu binti. Nilikuwa dereva wa lori. Nilichokiona ni kwamba wanaume tunaogopa kusema kwa sababu ya mahali ugonjwa ulipo. Nilimwambia tajiri yangu, akanihamishia safari za Lindi na Masasi tu, nikaacha zile ndefu. Ningenyamaza ningekuwa barabarani mpaka leo na miguu imevimba. Semeni.

Binti wa Uwanda

Shikamoo mzee wangu, asante kwa kufunguka. Wanaume wanaosoma hapa wamekusikia.

Mpokea Wageni Mbagala

Naongea kwa upande wa sisi tunaofikiwa Dar. Ndugu wa kusini tunawapokea kwa moyo, lakini tuambieni mapema na mtuambie ukweli. Niliwahi kupokea mgonjwa nikaambiwa amekuja "kuangalia afya" siku chache. Chumba kimoja na sebule, watoto wanne, mmoja ana tetekuwanga. Mtu wa kemo! Ningejua, watoto ningewapeleka kwa bibi yao Mkuranga.

Pili, Mbagala si Ocean Road. Mabasi ya kusini yanawashusha huku, mnaona mmefika. Hospitali iko kule mjini, ufukweni, Barabara ya Barack Obama, na asubuhi foleni ya kuingia mjini inachosha hata mzima. Mwenye mionzi ya kila siku kwa wiki kadhaa, bora familia ichange apate chumba karibu na mjini, hata kama ni kidogo. Wa dripu ya mara moja anaweza kulala kwetu.

Na jamani, mgonjwa aje na mtu wake. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta riziki. Siwezi kumshika mkono kila siku, nikasema ninaweza nikawa namdanganya.

Binti wa Uwanda

Umesema kweli tupu. Mwenyeji wangu tulikaa naye kwenye simu kabla, nikamwambia nitafika lini, nitaondoka lini, nakula nini, na pesa ya chakula nitatoa mimi. Alikataa pesa, lakini niliposema hivyo alijua sijaja kumwelemea.

Haya, safari kama nilivyoahidi.

Kwanza, pima damu huku huku kabla hujapanda basi. Kila kabla ya dripu wanataka picha kamili ya damu, ile wanayoandika FBP. Nilimuuliza daktari wangu kama atakubali majibu ya Mtwara ya siku moja au mbili kabla, akakubali. Majibu yakiwa mabaya nampigia, ananiambia nisije, niongeze wiki. Bila hivyo unasafiri mchana kutwa, unafika, unaambiwa damu ndogo rudi nyumbani. Mwenzangu mmoja wa Newala yalimkuta hayo, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ikapotea. Ulizeni pia kama kuna chochote kinachoweza kufanyika hospitali ya karibu, msidhani jibu ni hapana.

Pili, usisafiri siku ya dripu. Lala Dar, ukiweza siku mbili, mpaka kutapika kutulie. Dawa ya kuzuia kutapika imeze kwa saa uliyoandikiwa hata kama unajisikia vizuri, ukisubiri mpaka uanze umechelewa.

Tatu, kiti. Omba cha upande wa njia, si dirishani, ili uweze kuinuka. Saratani yenyewe na baadhi ya dawa zinaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na kukaa muda mrefu kunazidisha. Basi likisimama Nangurukuru au Ikwiriri shuka, tembea, kunywa maji. Watu wanajinyima maji ili wasisumbue dereva kusimama. Mwambie dereva tangu stendi ya Mkanaledi, Mtwara, kwamba una mgonjwa, mimi hawajawahi kuninyima. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana ghafla, hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Nne, chakula beba cha kwako. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai yaliyoiva sawasawa, ndizi ambayo utaimenya mwenyewe. Kachumbari na matunda yaliyokatwa ya dirishani achana nayo mpaka umalize kemo.

Fundi wa Kilwa

Ongezea masika. Mei 2024, mvua na kile kimbunga Hidaya vilipokata barabara maeneo ya Somanga, watu walikwama siku kadhaa, na ndani ya mabasi kulikuwa na wagonjwa. Aliye na tarehe ya dripu kati ya mwezi wa tatu na wa tano aondoke siku mbili tatu kabla, na awe na namba ya simu ya kliniki yake. Mkikwama pigeni simu wawapangie tarehe nyingine, msikate tamaa mkarudi nyumbani kimya.

Bi Mkubwa Mikindani

Mimi naomba nitoe ushauri tofauti. Jirani yangu aliachana na hayo madripu, akanywa majani ya mstafeli, yupo mpaka leo. Msidharau dawa za wazee.

Muuguzi Kusini

Mama shikamoo. Hatudharau. Lakini hatujui jirani alikuwa na uvimbe wa aina gani na uko wapi leo, saratani nyingine zinakwenda taratibu miaka. Tunaowapokea wodini ni wale walioacha dripu mwezi wa pili wakarudi mwaka unaofuata, donda limeshafunguka, na hapo mionzi inakuwa ya kupunguza maumivu tu. Mwenye kunywa majani yoyote amwambie daktari, kwa sababu dawa nyingi za kemo zinapita kwenye ini na mchanganyiko unaweza kuliumiza. Asiache dripu, na asifiche.

Bi Mkubwa Mikindani

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa hilo la kutoacha.

Kibarua wa Ghala

Dada umeongelea sheria za waajiriwa. Sisi vibarua wa msimu je? Mke wangu anabangua korosho, analipwa kwa kilo. Akikosa siku, hakuna pesa. Ndiyo kwanza ameambiwa aanze kemo.

Binti wa Uwanda

Kaka yangu, hapa sitakupaka mafuta. Anayelipwa kwa kilo bila mkataba, ile likizo ya siku 126 ni vigumu kuidai. Inaniuma sana, kwa sababu wabanguaji wengi wa mikoa hii ni wanawake na wako hivyo hivyo.

Ninachoweza kukushauri ni hiki. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya dripu ya kwanza, ukiwa na barua ya rufaa ya mkeo na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Yeye ndiye anayeshughulikia msamaha wa gharama kwa asiyeweza. Usisubiri deni likue ndipo umtafute. Halafu kaa na ndugu mpange pesa ya chakula kwa wiki ya kwanza na ya pili ya kila mzunguko. Wiki ya tatu akipenda na daktari akiruhusu, anaweza kufanya kazi nyepesi. Lakini moshi na mafuta ya maganda ya korosho yanayochoma ngozi, mkeo akae navyo mbali, kidonda kwake sasa hivi ni mlango wa maambukizi.

Na kwa wenye mkataba: ukiachishwa kazi kwa sababu ya ugonjwa bila mwajiri kuchunguza hali yako wala kutafuta kazi mbadala, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Watu wanakaa miezi wakilia, muda unapita.

Ummu Shangani

Assalaam aleikum. Naomba kuuliza mambo mawili. Mwezi wa Ramadhani, mtu wa kemo afunge? Na mdogo wangu anaozeshwa Masasi mwezi ujao, mimi niko mzunguko wa tatu, familia imeshaanza kusema najitenga.

Binti wa Uwanda

Waaleikum salaam dada yangu. Funga: dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na asiyetarajiwa kuweza kulipa ana fidia yake. Zungumza na shehe wako, lakini zungumza naye baada ya kusikia kwa daktari, ili shehe ajue unahitaji maji kiasi gani. Kukosa maji siku za dripu kunaweza kuumiza figo.

Harusi: hesabu. Tarehe ya harusi inaangukia siku ya ngapi tangu dripu? Ikiwa ni ya 17 hadi ya 20 na huna homa, nenda kwa amani, kaa sehemu yenye upepo, kula cha moto, ondoka kabla hujachoka. Ikiwa ni ya 8 hadi ya 14, usiende kwenye ukumbi uliojaa watu. Sisi tulikuwa na msiba wa baba mdogo katika siku za namna hiyo. Nilikwenda siku ya tatu watu wakiwa wamepungua, nikakaa nje chini ya mwembe na barakoa, nikashika mikono ya shangazi zangu baada ya kunawa, nikaondoka. Waliosema walisema. Mama mkwe aliwajibu kwa niaba yangu, kwa sababu yeye kalenda ya mlangoni anaijua.

Hata daktari anaweza kukusogezea dripu siku chache kwa jambo kubwa kama hilo, ukimuomba mapema. Usisogeze mwenyewe kwa kutokwenda.

Ummu Shangani

Dripu yangu ni tarehe 3. Harusi tarehe 14.

Binti wa Uwanda

Hiyo ukihesabu siku ya dripu kuwa ya kwanza ni siku ya 12. Ni katikati kabisa ya penseli. Mpigie daktari wako kesho asubuhi, mwambie tarehe zote mbili, umuulize kama kuna nafasi ya kusogeza. Akikataa, nenda Masasi wiki ya tatu, bi harusi atakuwa bado yupo kwa mumewe na mtakaa kwa nafasi. Uniandikie amesemaje.